Mwadila ya Asubuhi

Treni ilinishusha Malampaka jua likiwa limeshapanda, nikiwa na begi moja, redio ndogo isiyo na betri, na vumbi la mikoa yote tuliyopita. Nilikuwa nimetoka Korogwe kwa basi hadi Morogoro, na Morogoro nikapanda treni ya bara. Tulilala njiani hadi nikaacha kuuliza tunafika lini. Manyoni injini iligoma, abiria wakashuka wakanunua kuku wa kuchemsha na kuoga kwenye bomba la stesheni kama watu waliohamia. Tabora mabehewa yaligawanywa, mengine yaende Kigoma na mengine Mwanza, na kama mama mmoja aliyekaa mbele yangu asingeniuliza ninakwenda kwa nani Kigoma, ningeamkia kwenye ziwa jingine kabisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, cheti cha kidato cha nne, na miguu isiyotulia. Sasa nimepita arobaini na miguu ni ileile, nimeishi miji mingi kuliko idadi ya viatu nilivyomaliza, lakini nikilala vibaya ni huko ninakorudi ndotoni. Siku hizi ni Mkoa wa Simiyu, una ofisi kubwa na bodaboda. Wakati ule Bariadi ilikuwa makao makuu ya wilaya tu, na soko la pamba ndiyo kwanza limefunguliwa. Zamani ushirika peke yake ndio ulionunua. Ghafla kila mwenye lori na mizani akaruhusiwa, na wanunuzi wakawa wanatafuta makarani wa kutoka mbali. Sababu yao ilikuwa nzuri: mgeni hana mjomba kwenye foleni wa kumpendelea.

Kutoka Malampaka nilipanda lori lililobeba magunia matupu. Kati ya Maswa na Bariadi tulikutana na mchunga ng'ombe amesimama katikati ya barabara, mkono juu. Dereva alizima injini. Utingo akamsalimia, yule bwana akaitikia. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua iliyopita na ya ijayo. Mimi juu ya magunia nilikuwa naiva kama hindi. Salamu zilipokwisha kabisa, mchungaji akasema kwa utulivu kwamba daraja la mbele limezibwa na lori lililopinduka, na dereva wake amevunjika mguu, anahitaji kupelekwa hospitali.

"Mbona hakusema mwanzoni?" nilimuuliza utingo.

"Kabla ya salamu?" Aliniangalia kana kwamba nimependekeza tule na viatu mezani.

Tulizunguka daraja kwa mto mkavu, tukambeba yule dereva, mguu umefungwa kwenye vipande viwili vya mti kwa kanga ya mtu. Njia nzima kila aliyempa pole alimuuliza, "Mhola?" yaani, ni salama? Naye, jasho la maumivu likimtiririka, akajibu kila mmoja, "Mhola duhu." Salama tu. Nikajua nimefika mahali ambapo mtu anaweza kufa huku akikuambia hajambo.

Nilipata ukarani wa kupima pamba, nikapanga chumba pembeni mwa mji, kwa mama mmoja mjane ambaye watu wote walimwita Mayu, yaani mama, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mfupi, mkavu, na hodari wa maneno. Katika nyumba ileile waliishi mwanawe mkubwa na mke wa mwanawe, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kushtukiza, aliyeniita shemeji tangu siku ya kwanza. Mayu aliniita mgeni, na jina hilo hakulibadilisha hata nilipokuwa nimekaa misimu mitatu.

Kiswahili changu cha Tanga kiliwachekesha. Mayu alisema naongea kama mtu anayebembeleza mtoto. Yeye alikuwa na Kiswahili cha kutosha kugombana, hasa na mizani yangu. Ilikuwa mizani ya saa, imening'inizwa kwenye miti mitatu, na kila alipoleta pamba aliikaribia akaichungulia kama daktari anayeangalia ulimi.

"Mgeni, mshale wako umelewa."

"Haujalewa, Mayu. Pamba yako ina fifi nyingi." Fifi ni ile pamba chafu, ya daraja la pili.

"Fifi ni macho yako."

Foleni yote ilicheka, na mimi nilipenda asubuhi zake kuliko mshahara. Lakini kabla ya ugomvi lazima salamu. Asubuhi ni "Mwangaluka." Jua likishageuka ni "Mwadila." Unaitikia kwa neno lilelile, kisha "Mhola?", kisha "Mhola duhu," kisha yanayofuata. Mayu ndiye aliyenifundisha. Nilipokosea, nikamwambia mwadila saa ya chai, aliniuliza kama kwetu jua hutokea magharibi. Yeye hakukosea kamwe. Angeweza kuwa amebeba debe la maji kichwani, amekasirika, na ana mwiba mguuni, salamu ingetoka kamili kwanza.

Msimu wangu wa pili Mayu alianza kunywa maji kama gari bovu. Alikonda, akawa anachoka njiani, na usiku mlango wa nyuma ulilia mara kwa mara akienda kujisaidia. Mkwewe ndiye aliyegundua sisimizi wamejaa pale alipokojoa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, huyu ana sukari." Mwanawe alimpakia kwenye baiskeli yake, mimi nikafuata na ya kwangu, tukaenda hospitali ya wilaya. Wakampima, ikawa kweli.

Nesi aliyetuhudumia alikuwa mnene, mchangamfu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alituita kwenye benchi atufundishe. Alianza na chakula: asitumie sukari kwenye chai, soda hapana, ugali wa mtama kwa kiasi, mboga nyingi. Kufika hapo yule mwanawe akakumbuka kwamba hajafunga baiskeli, akatoka mbio. Nesi akamsindikiza kwa macho.

"Huyo amebeba nusu. Wewe ni nani?"

"Mpangaji."

"Mpangaji, basi beba nusu iliyobaki. Nimempa vidonge vya kushusha sukari. Akimeza halafu asile, au akila kidogo akaenda shamba, sukari itashuka mno. Kupanda utakuona kwa siku nyingi. Kushuka hakukupi muda wa kuvaa viatu."

"Nitajuaje imeshuka?"

"Jasho la baridi hata kama hakuna joto. Mikono kutetemeka. Moyo mbio, njaa ya ghafla. Halafu kichwa kinavurugika: anakuwa mkali, anaongea ovyo, watu watasema amelewa. Ukiona hivyo, na bado anaweza kumeza, mpe soda au maji ya sukari hapohapo. Akizinduka ale chakula, kisha mlete, maana dawa bado imo mwilini inaweza kumshusha tena. Akiwa hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, mje mbio."

"Lakini huyu huwa mkali kila siku," nilisema.

Mayu alikuwa anasikia yote. Nesi akacheka hadi kalamu ikadondoka. "Basi jifunze ukali wake. Ukibadilika ladha, utajua."

Nyumbani ile nusu ya kwanza ilishatangulia kwa baiskeli. Kopo la sukari lilihamishwa kutoka jikoni kwenda chini ya kitanda cha mkwe. Mayu alipewa chai chungu, na kikombe chake kilinuswa kabla na baada. Jirani aliyekuja na kipande cha muwa alirudishwa nao. Katika mtaa ule neno lenyewe ndilo lililotosha: ana sukari, kwa hiyo imemzidi, kwa hiyo ukimwongezea hata punje umemuua. Nani angebishana na hesabu hiyo?

Mimi nilijaribu. Nilimweleza mkwe wake yote aliyosema nesi, kwamba iko siku sukari ndiyo itakayomwokoa. Aliniangalia kwa huruma.

"Shemeji, amekupa nini?"

"Nani?"

"Mayu. Jana alimtuma mtoto wa jirani pipi, nikamkamata. Leo amekutuma wewe na maneno ya hospitali."

Kutoka jikoni Mayu mwenyewe akapaza sauti: "Msikilize mgeni. Mgeni amesoma." Hapo ndipo nilipoharibikiwa kabisa. Mwana wa Mayu naye nilipomuuliza alisema alisikia kwa masikio yake, sukari hapana, soda hapana, na yeye si kiziwi.

Nikabaki na ile nusu yangu peke yangu. Kila asubuhi nilimwangalia Mayu akimeza kidonge, nikawa nauliza, "Umekula?" naye akajibu, "Mhola duhu," jibu ambalo halikunisaidia. Nilichokiogopa kilikuwa wazi kama mshale wa mizani: siku sukari ikimshuka, wanaompenda kuliko wote ndio watakaomnyima soda.

Siku hiyo ilikuja katikati ya ununuzi. Kampuni yetu ilitangaza kwamba lori litakuja mapema, na watu walijipanga tangu alfajiri. Upepo wa Agosti ulikuwa wa baridi, watu wamejifunika mashuka. Nilimwona Mayu akija na furushi la pamba kichwani, mkwewe nyuma yake na jingine kubwa zaidi. Alitaka awe wa kwanza. Baadaye tulijua kwamba alimeza kidonge, akaona matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, hayajaiva, akaondoka bila kula. Alitua furushi lake mbele yangu.

"Mwangaluka, Mayu," nikasema.

"Mwadila, mgeni."

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, nikadhani amenilipizia yale makosa yangu ya zamani. Nikatundika furushi, mshale ukazunguka, nikasoma kwa sauti. Nikasubiri niambiwe mshale umelewa. Mayu hakuangalia hata mizani. Aliangalia miguu yangu, akakaa juu ya magunia taratibu, na kwenye paji la uso wake nikaona jasho, wakati mimi vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Niliacha mizani na pamba imening'inia. Nilimshika mkono; ulikuwa umelowa na unatetemeka kama kifaranga. "Mayu, umekula?" Akanisukuma akaniita jina la marehemu mumewe, akaniambia nifunge ndama. Mtu mmoja kwenye foleni akasema kwa kicheko, "Leo mama ameamkia kilabuni."

Duka lilikuwa hatua chache. Nilichukua soda ya chungwa, nikaifungua kwa meno nikiwa narudi. Nilipoinama kumpa, mkono mrefu ulitokea juu ya bega langu ukaishika chupa shingoni.

"Shemeji, ana sukari huyu." Mkwewe hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwomba mwingine asifanye ujinga mbele za watu. "Unataka kumuua hapa?"

"Imeshuka. Nilikuambia siku ile."

"Na akifa na soda yako mdomoni, utasema nini wewe?"

Hilo nilikuwa nimeshaliwaza. Foleni ilishavunjika ikawa duara, na kwenye duara lile mgeni nilikuwa mmoja. Wazee wawili walisema aachwe apumzike, uchovu tu. Mwingine akasema apelekwe kwa mtaalamu, kuna mtu amemwonea kijicho kwa pamba yake. Chupa ilikuwa katikati yetu, yeye anavuta na mimi navuta, povu linanimwagikia mkononi. Sikuwa na cheti cha uganga. Nilichokuwa nacho ni kile Mayu alichonifundisha mwenyewe.

"Shemeji," nikasema, "sitampa. Msalimie kwanza. Akikuitikia vizuri, soda hii nakunywa mimi."

Hilo alilielewa, hakuna mtu pale ambaye asingelielewa. Akapiga goti mbele ya mama mkwe wake, kama alivyofanya kila asubuhi ya ndoa yake, bila kuiachia chupa.

"Mwangaluka, mayu."

Mayu alimtazama kana kwamba anamwona kwa mbali.

"Mayu. Mhola?"

Upepo ukapeperusha vipande vya pamba kutoka kwenye magunia. Kisha Mayu akasema, "Mbuzi wameshakula chumvi yote," akaanza kuvua kiatu.

Mkono uliiachia chupa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa, nami nikamwegemeza vizuri akae wima. Tulimpa funda, tukangoja ameze, tukampa jingine. La tatu alilitema kwenye shati langu. Mkwe wake alikuwa anamwambia maneno ya Kisukuma mfululizo, sauti ya kumbembeleza mtoto, ile ambayo Mayu alinicheka nayo. Chupa ilipokwisha tulingoja, na nakiri kwamba muda ule niliuona mrefu kuliko stesheni ya Manyoni. Kwanza jasho lilikauka. Kisha mikono ikatulia mapajani. Akainua macho, akaangalia duara, akamwangalia mkwewe aliyekuwa bado amepiga goti.

"Mwangaluka," akasema Mayu.

"Mwangaluka, mayu," mkwewe akaitikia, machozi yanamshuka. "Mhola?"

"Mhola duhu. Nani amenipa soda ya moto?" Kisha akageuka kwangu. "Na pamba yangu imesoma ngapi?"

Nikamtajia. Akaitazama mizani. "Mshale wako umelewa."

Sijawahi kufurahia tusi kama lile. Mtu alileta matobolwa na maziwa ya mgando, Mayu akala mbele ya watu wote huku akilalamika kwamba wanamtazama mdomoni. Mwanawe alifika na baiskeli, tukampeleka hospitali safari hii watatu. Nesi alipunguza kidonge, akaamuru chakula kitangulie, na alipoanza kufundisha alimshika yule mwana mkono wa shati mpaka mwisho. "Baiskeli yako," akamwambia, "nimemtuma askari ailinde." Hakuna askari aliyetumwa, lakini jamaa alikaa.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Mkwe wake alifunga sukari kidogo kwenye karatasi, akaikunja ndani ya pindo la kanga ya Mayu, akapiga fundo. Mayu alitembea na fundo lile kama mwenye cheo. Alijaribu kulitumia vibaya, bila shaka. Saa ya chai ya jioni ungemsikia akisema kwa sauti dhaifu, "Naona kama natetemeka."

"Mwadila, mayu," mkwe angesema kutoka jikoni.

"Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu," angejibu kabla hajajizuia, maana salamu kwake ilitoka yenyewe, na hapo sukari ikawa imekosekana.

Mimi nami nilipata sifa nisiyoistahili. Watu walianza kuniletea kila balaa kwenye mizani. Aliyekwamwa na mwiba wa samaki, aliyeumwa na nge, mama mwenye mtoto aliyeungua uji na kupakwa dawa ya meno mkono mzima. Niliwaambia wote jambo moja, hospitali ni kule, isipokuwa yule mtoto tulimmwagia maji safi ya baridi kwa muda mrefu kwanza, kwa sababu nesi alikuwa amenifundisha na hilo siku nilipokwenda kumsalimia. Nilikwenda kumsalimia mara nyingi kidogo kuliko ilivyohitajika. Aliolewa Maswa, na hilo lilinipita salama.

Halafu msimu mmoja lori la kampuni yetu halikuja. Tulingoja, wakulima wakatuchoka, wakapeleka pamba kwa wengine. Wanunuzi walikuwa wengi sasa, na mizani zilining'inia mpaka Lalago na Shishiyu. Tajiri wangu alipotea kwa namna ya matajiri wa wakati ule, bila kuaga. Ningeweza kutafuta kazi kwa mwingine. Lakini miguu ilishaanza kuwasha, na mtu mmoja alikuwa amenisimulia habari za Mpanda.

Asubuhi ya kuondoka, Mayu na mkwewe walinisindikiza stendi. Kulikuwa bado na ubaridi. Nilipandisha begi juu ya basi, nikashuka kuwaaga. Nikainama kidogo kama nilivyofundishwa.

"Mwangaluka, Mayu."

"Mwadila, mgeni."

Sikumbuki nilivyoruka. Nilimshika mikono, mikavu. Nikamgusa paji la uso, kavu. Nikageuka kutafuta muuza soda, na nyuma yangu nikasikia kile kicheko cha kushtukiza cha mkwewe. Mayu alikuwa amesimama wima, uso mgumu kama mwamba, ila mabega yanamcheza.

"Nilitaka kuona kama unaondoka na masikio," akasema. "Sasa nisalimie vizuri."

Nikaanza upya. Mwangaluka, akaitikia. Akaniuliza mhola, na mimi nilipofungua mdomo kujibu mhola duhu, neno la pili halikutoka. Utingo alikuwa anapiga bodi, dereva anakoroga gia. Mayu alinitazama mikono, kisha akamgeukia mkwewe.

"Huyu anatetemeka na jibu halitoki. Mpe soda."

Mkwewe akaenda akaninunulia, ya chungwa, ya moto. Chupa ilikuwa ya mwenye duka na lazima irudi, kwa hiyo niliinywa yote pale mlangoni, mguu mmoja chini na mmoja ndani ya basi, abiria wakinilaani, na wale wanawake wawili wakihesabu mafunda yangu.